Shilingi Kumi za Solomon Linda

Katikati ya mwaka 2004, Mickey Mouse alikamatwa Pretoria. Donald Duck alikuwa naye. Hakukuwa na askari wala pingu. Kilichokamatwa ni majina na sura zao, alama za biashara zaidi ya 240 ambazo kampuni ya Walt Disney ilikuwa imeziandikisha Afrika Kusini. Mahakama Kuu iliamuru zishikiliwe mpaka shauri moja la madai lisikilizwe. Shauri lilihusu wimbo. Mdai alikuwa msimamizi wa mirathi ya mtu aliyekufa miaka 42 nyuma, mtu ambaye familia yake haikuwa hata na fedha za kumwekea jiwe la kaburi.

Mtu huyo ni Solomon Linda. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, Msinga, katika nchi ya Wazulu, akakua akichunga ng'ombe kama watoto wote wa huko, na simba wakiwa adui anayejulikana. Mwaka 1931 alishika njia ya vijana wa wakati wake, akaenda Johannesburg. Mchana alifanya kazi ndogondogo, kwanza katika duka la samani, na jioni aliimba. Kundi lake, Evening Birds, lilivaa suti za mistari na viatu vya rangi mbili, likawa gumzo katika mabweni ya wafanyakazi na vilabu vya pombe ambako makundi yalishindana usiku kucha mwishoni mwa juma. Mwaka 1938 alipata kazi ya kufungasha santuri katika kiwanda cha Gallo, Roodepoort. Mzalishaji wa kampuni hiyo, Griffiths Motsieloa, hakuwa na haja ya kwenda mbali kumtafuta mwimbaji.

Mwaka 1939 Evening Birds waliingia studio ya Gallo kurekodi wimbo uitwao "Mbube", yaani "Simba". Ulikuwa wimbo wa maneno machache: sauti nene za nyuma zikirudia kama mwendo wa miguu, na Linda juu yake akiruka na sauti nyembamba isiyo na maneno. Walirekodi mara tatu. Katika mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda alibuni papo hapo kipande kifupi cha melodia ambacho hakikuwamo mwanzoni. Sekunde hizo chache ndizo zilizokuja kuzunguka dunia nzima, na kila aliyezisikia mara moja anaweza kuzipigia mluzi mpaka leo.

Kwao, wimbo ulipata haki yake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 santuri hiyo ilikuwa imeuzwa nakala zipatazo 100,000, na mtindo mzima wa uimbaji wa Wazulu wa mjini ukaitwa mbube kwa jina lake. Kundi la Ladysmith Black Mambazo linatoka katika ukoo huo. Upande wa fedha, Linda aliiuzia Gallo haki zote za wimbo huo kwa shilingi 10.

Hapa ndipo wasimulizi wengi husema "aliibiwa" wakaendelea. Mimi nadhani neno hilo ni jepesi mno. Mwizi huja gizani na huacha mlango umevunjwa. Kwa Linda milango yote ilifunguliwa kwa ufunguo: kulikuwa na karatasi na saini, na baadaye karatasi nyingine na saini nyingine. Neno letu lenyewe, hakimiliki, limeunganisha vitu viwili, haki na miliki, na historia ya wimbo huu ni historia ya vitu hivyo viwili kutenganishwa. Mtunzi alibaki na sifa mtaani, wengine wakabaki na mali.

Miaka kumi baada ya kurekodiwa, Gallo ilipeleka santuri zake Marekani katika kampuni ya Decca, ikitafuta soko. Decca haikuvutiwa. Zilikuwa karibu kutupwa mwanamuziki na mkusanyaji wa nyimbo za watu, Alan Lomax, alipozichukua na kumpelekea rafiki yake Pete Seeger. Seeger alikaa na santuri ya "Mbube" akiandika nota moja baada ya nyingine. Maneno ya Kizulu yenye maana ya "wewe ni simba" yaliingia sikioni mwake kama "wimoweh", na jina hilo ndilo aliloupa wimbo. Kundi lake, The Weavers, lilirekodi "Wimoweh", na mapema mwaka 1952 ukapanda chati za Marekani.

Kwenye lebo ya santuri hiyo aliandikwa mtunzi aitwaye Paul Campbell. Hapakuwa na mtu wa jina hilo. Lilikuwa jina la bandia lililotumiwa na The Weavers na mchapishaji wao wa muziki kwa ajili ya nyimbo za jadi. Sheria ya hakimiliki husema kwamba wimbo wa jadi hauna mwenyewe. Lakini ukiupanga upya, upangaji wako ni kazi yako na unaweza kuuandikisha. Kwa hiyo biashara ikawa rahisi: tafuta wimbo wa jadi, upange, uandikishe. "Mbube" haukuwa wa jadi. Ulikuwa na mtunzi aliye hai, na wakati huo alikuwa bado anaishi Johannesburg. Ila kwa wachapishaji wa New York, wimbo kutoka Afrika ulikuwa wa jadi kwa sababu tu umetoka Afrika.

Gallo ilipogundua, ilidai. Mwisho wa mazungumzo, Gallo iliwaachia Wamarekani haki za huko kwao, nayo ikapewa kusimamia "Wimoweh" nchini Afrika Kusini. Mtunzi hakuwamo katika hesabu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Seeger alipopata habari kwamba wimbo una mwenyewe, alimpelekea Linda hundi ya dola 1,000 na kumwagiza mchapishaji amlipe sehemu ya mtunzi. Aliamini kwamba agizo lilitekelezwa. Baadaye sana alisema anajuta kwamba hakufuatilia.

Miriam Makeba aliurekodi mwaka 1960, akautaja kwa jina lake la Kizulu. (Ni Makeba huyohuyo aliyeupeleka "Malaika" duniani, wimbo ambao watu wa Afrika Mashariki bado wanabishana ni wa nani hasa; safari za nyimbo hizi mbili zinafanana kuliko tunavyopenda kukiri.) Kisha mwaka 1961 vijana wa Brooklyn waitwao The Tokens waliurekodi kwa maneno mapya ya Kiingereza yaliyoandikwa na George David Weiss. Jina jipya lilikuwa "The Lion Sleeps Tonight". Melodia kuu ilikuwa zile sekunde chache za Linda, safari hii zimevikwa maneno. Desemba mwaka huo wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani ukakaa hapo wiki tatu. Miongoni mwa watunzi walioandikwa walikuwa Weiss na wazalishaji wawili, Hugo Peretti na Luigi Creatore.

Linda alikuwa ameanguka jukwaani mwaka 1959. Alifariki mwaka 1962 kwa ugonjwa wa figo, Soweto, akaacha mjane na watoto katika nyumba ya sakafu ya udongo. Kaburi lake lilipata jiwe baada ya miaka 18.

Karatasi ziliendelea kuja. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, hakimiliki ilidumu miaka 28 na kuweza kuhuishwa kwa miaka 28 mingine. Mtunzi akifa kabla, haki ya kuhuisha ilikuwa ya mjane na watoto wake. Wabunge wa Marekani walikusudia kumpa mtunzi au familia yake nafasi ya pili. Mwaka 1983 mjane wa Linda alitia saini hati ya kuihamisha nafasi hiyo. Mwaka 1992, yeye akiwa ameshafariki, mabinti zake nao walitia saini. Mwaka huohuo Weiss na mchapishaji wa "Wimoweh" walimaliza mbele ya wasuluhishi ugomvi wao juu ya nani mwenye "The Lion Sleeps Tonight". Weiss alishinda, kwa sharti la kuipa familia ya Linda sehemu ndogo ya mapato. Tembo wawili walipigana, na safari hii nyasi ziliambulia kidogo.

Mwaka 1994 Disney ilitoa *The Lion King*. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa Simba ni nani, wala Rafiki, wala Pumbaa. Filamu ilikuja kuchota kwetu waziwazi. Hata "hakuna matata" iliandikishwa Marekani kuwa alama ya biashara ya Disney, jambo lililozua kelele mwaka 2018 watu walipolitambua. Nasema hili pembeni kwa sababu watu huchanganya. Alama ya biashara humkataza mfanyabiashara mwingine kuuza fulana kwa neno hilo; haiwezi kukuzuia wewe kulisema. Hakimiliki hulinda kazi iliyotungwa, si neno. Katika filamu hiyo Timon na Pumbaa wanaimba kipande cha "The Lion Sleeps Tonight" wakitembea msituni. Mnyama aliitwa Simba kwa Kiswahili na akaimbiwa kwa melodia ya Mzulu, na hakuna aliyeulizwa.

Mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, ndiye aliyefuata mkondo wa fedha hatua kwa hatua, akachapisha simulizi ndefu katika jarida la Rolling Stone mwaka 2000. Alikadiria kwamba wimbo huo ulistahili kumletea mtunzi dola milioni 15. Makala iliwatia watu aibu. Lakini aibu haina nguvu mahakamani, na mawakili waliotazama hati walirudi na jibu lilelile: familia imeshatia saini.

Wakili aliyepata njia aliitwa Owen Dean, mtaalamu wa hakimiliki wa Afrika Kusini. Njia yenyewe ilikuwa ya zamani sana, na ili kuieleza lazima turudi London, tarehe 27 Aprili 1667.

Siku hiyo mshairi kipofu, John Milton, alitia saini mkataba wa kumuuzia mchapishaji Samuel Simmons utenzi wake *Paradise Lost*. Alilipwa pauni 5 papo hapo, na pauni 5 nyingine baada ya nakala 1,300 kuuzwa. Mjane wake aliuza kilichobaki kwa pauni 8. Familia ya mchapishaji Tonson, ambayo haki hizo ziliishia mikononi mwake, ilitajirika. Mjukuu wa Milton, Elizabeth Foster, alikuwa na kiduka London, na mwaka 1750 ilibidi afanyiwe onyesho la hisani katika ukumbi wa Drury Lane ili apate cha kujikimu.

Mwaka 1710 Uingereza ilianza kutumia sheria ya kwanza ya aina yake iliyomtambua mwandishi: miaka 14 ya haki, na baada ya hapo, kama mwandishi bado yu hai, haki inamrudia kwa miaka 14 mingine. Tazama neno hilo, inamrudia. Waliotunga sheria walijua kwamba mwandishi mwenye njaa huuza mapema na kwa bei ya kutupa. Wachapishaji nao walijua, wakanunua miaka yote 28 kwa mpigo.

Mwaka 1841 bungeni London palikuwa na mswada wa kurefusha hakimiliki mpaka miaka 60 baada ya kifo cha mwandishi. Thomas Macaulay, mwanahistoria na mbunge, alisimama kuupinga, na mfano wake ulikuwa mjukuu wa Milton. Hoja yake ilikuwa kali: mwandishi akishauza, kurefusha hakimiliki kunamnenepesha mnunuzi, na mjukuu anabaki na kiduka chake. Mswada ulianguka. Hoja ilibaki, na Bunge lilipotunga sheria mpya mwaka 1911 na kurefusha hakimiliki kuwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, liliweka humo kifungu kama jibu lake. Mtunzi akiuza haki zake akiwa hai, mauzo hayo yatakoma miaka 25 baada ya kifo chake. Miaka 25 iliyobaki itarudi katika mirathi yake, na mkataba wowote wa kinyume ni batili. Wanasheria wamezoea kukiita kifungu cha Dickens, kwa kumbukumbu ya mwandishi Charles Dickens na warithi wake.

Hii ilikuwa sheria ya dola nzima, si ya Uingereza peke yake. Ilitumika Kenya, Uganda na Zanzibar, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikafika Tanganyika. Afrika Kusini iliipokea katika sheria yake ya mwaka 1916. Huko London kifungu hicho kilifutwa kwa mauzo yaliyofanywa tangu Juni 1957, lakini mikataba ya zamani ilibaki chini yake, na mwaka 1980 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, katika shauri la Chappell dhidi ya Redwood, ilithibitisha kwamba warithi wa watunzi wa nyimbo nao wana haki ya kurejeshewa.

Sasa rudi Soweto ufanye hesabu. Wimbo ulirekodiwa 1939, sheria ya dola ikiwa hai. Linda aliuza akiwa hai. Alifariki 1962. Ongeza 25. Mwaka 1987, katika kila nchi iliyokuwa chini ya dola na iliyohifadhi kifungu hicho, haki za "Mbube" zilikuwa zimerudi zenyewe nyumbani kwa Linda, bila mtu kuzidai na bila mtu kujua. Hati za shilingi 10 zilikuwa zimekufa. Tena kifungu kilisema haki inarudi kwa msimamizi wa mirathi, na mirathi ya Linda haikuwa na msimamizi. Akateuliwa mmoja, ili pawe na mtu wa kushtaki.

Kwa nini Disney, wakati aliyekusanya mirabaha alikuwa mchapishaji wa Marekani, Abilene Music? Kwanza, sheria ya dola haikufika Marekani, na huko saini za familia zilikuwa zimefunga mlango. Pili, anayekiuka hakimiliki ni yule anayeitumia kazi bila ruhusa ya mwenyewe, awe anajua au hajui. Disney ilikuwa na leseni halali kabisa machoni pake, kutoka Abilene. Lakini kama Abilene haikuwa na haki katika Afrika Kusini tangu 1987, leseni hiyo kwa nchi hiyo ilikuwa sawa na risiti ya ng'ombe kutoka kwa asiye mwenye zizi. Nia njema inaweza kupunguza fidia. Haimfanyi mnunuzi kuwa mwenye ng'ombe.

Tatizo la mwisho lilikuwa la mamlaka. Disney ni kampuni ya California, na mahakama ya Pretoria haiwezi kumwita tu mgeni asiyeishi nchini. Sheria ya Afrika Kusini ina dawa ya zamani kwa hilo: kamata mali ya mgeni iliyomo nchini, mahakama ipate pa kumshikia. Disney haikuwa na majengo ya kukamata. Ilikuwa na Mickey. Ninakiri kwamba nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado hunichekesha: kampuni iliyojenga utajiri wake juu ya miliki isiyoshikika ilishikwa kwa hiyohiyo. Disney iliomba amri iondolewe, ikakataliwa.

Madai yalikuwa randi milioni 10. Serikali ya Afrika Kusini ilisaidia gharama, na Gallo pia, kampuni ileile ya shilingi 10, ilichangia. Shauri lilipangwa kusikilizwa Februari 2006. Siku chache kabla, pande zote ziliafikiana nje ya mahakama. Abilene ilikubali kuwalipa warithi kwa matumizi yaliyopita na kuwapa sehemu ya mapato ya baadaye ya "The Lion Sleeps Tonight" duniani kote. Solomon Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza, na fedha zikawekewa mfuko wa wadhamini. Kiasi hakikutangazwa. Alama za Disney zikaachiliwa.

Kwa wanasheria maridhiano hayo yaliacha njaa, kwa kuwa hakuna hukumu iliyoandikwa. Hakuna jaji wa Afrika Kusini aliyesema kwa kalamu yake kwamba kifungu cha 1911 kilirudisha "Mbube". Hoja ya Dean ilishinda kwa kuogopwa. Na nafikiria mikataba iliyotiwa saini Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kabla ya nchi zetu kutunga sheria zao mwaka 1966, chini ya sheria ileile ya dola, na waimbaji waliopewa mkononi fedha za siku moja. Kama kuna kilichorudi kwa warithi wao, itategemea sheria hizo mpya zilisema nini juu ya haki za zamani, na itahitaji mtu wa kufungua jalada.

Kwa sheria ya Afrika Kusini, kazi ya muziki hulindwa mpaka mwisho wa mwaka wa 50 baada ya kifo cha mtunzi. Haki za "Mbube" zilirudi kwa familia ya Linda mwaka 1987. Miaka mingi ya kwanza walikaa nazo bila kujua. Maridhiano yalipotiwa saini, ilikuwa imebaki miaka 6 na miezi kadhaa. Tangu tarehe 1 Januari 2013, yeyote aliye Johannesburg anaweza kuuimba "Mbube" wa 1939 bila kumwomba mtu ruhusa.